Naiti za saa 14 hapa Moshi: naweza kudai ovataimu?

Nesi_Mchovu: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni nesi, hospitali binafsi hapa Moshi, wodi ya watoto. Naiti tunaingia saa 12 jioni, tunatoka saa 2 asubuhi, usiku tano mfululizo, nesi mmoja wodi nzima. Ovataimu hatulipwi. Sheria inasemaje? Nimechoka, naombeni msaada.

Mzee_wa_Pasua: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 kwa wiki, na hata kukiwa na ovataimu siku haivuki saa 12. Ovataimu ni mara moja na nusu, kila saa ya usiku inaongezwa asilimia 5. ILO, Shirika la Kazi Duniani, nao wana Mkataba namba 149 wa wauguzi wa 1977, Tanzania imeuridhia. Pendekezo namba 157 linalokwenda nao linataka saa 12 za kupumzika kati ya zamu na zamu. Wewe unapata 10. Mkataba wako wa ajira unao?

Mama_Kiboriloni: Mwanangu, nimeuza ndizi miaka 20, naamka saa 9 usiku, nani alinilipa? Uuguzi ni wito.

Sista_Ngaramtoni: Mama, wito haulipi kodi ya nyumba. Mimi nilikuwa nikitoka naiti nasinzia kwenye daladala, siku moja konda akaniamsha tumeshageuza kurudi mjini. Nilihama ile hospitali. Ila mdogo wangu, bado unaenda kazini?

Nesi_Mchovu: Mkataba ninao. Kazini leo siku ya nne sijaenda. Simu zao sipokei.

Mzee_wa_Pasua: Hilo ungeanza nalo! Kukosa kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa. Unataka kuacha? Toa notisi ya siku 28 kwa maandishi.

Nesi_Mchovu: Barua nimeshaandika, na Jumatatu nina usaili Arusha. Sirudi pale. Nikiua mtoto wa watu nani atanibeba?

Jicho_la_Tatu: Chai hii. Mara ovataimu, mara utoro, mara usaili. Nesi gani anaacha wodi hivi hivi? Funguo za kabati la DDA, zile dawa za kulevya zinazofungiwa, ulimwachia nani?

Nesi_Mchovu: Nilikabidhi asubuhi, na funguo. Ila saa 10 usiku nilichukua gentamicin, sindano ya antibayotiki, ya kitanda cha 7 nikaenda nayo kitanda cha 9. Sindano iko mkononi, mama yake akanishika: "Sista, wangu ana malaria tu." Sikuandika kwenye ripoti buku. Tangu siku hiyo nikiona geti la hospitali miguu inagoma.

Mama_Kiboriloni: Pole mwanangu. Sikujua.

Sista_Ngaramtoni: Kaiandike. Na uandike ulikuwa peke yako, usiku wa tano. Ratiba ya zamu ipige picha, ndiyo ushahidi wako CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ovataimu unadai ndani ya siku 60. Kesho sina zamu, nikitoka huku alfajiri, saa 2 asubuhi niko Moshi. Njoo PM (meseji binafsi) tupange, tuingie wote kwa matroni.

Nesi_Mchovu: Nimekuja PM, dada.