Chambo cha mpira au vidagaa hai kwa krapi na blugili: nichukue kipi?

MtuWaKirumba
Wakuu, salaam. Jumamosi nawapeleka watoto wakavue. Siku zote natumia vidagaa hai, ila duka la chambo liko dakika 40 kutoka kwangu, na nikifika ziwani nusu vimeshalala ubavu. Mtandaoni nimeona vile vya mpira laini, rangi kibao, na pakiti bei yake haifiki dazeni mbili za vidagaa. Ninunue, au nitakuwa nimetupa hela? Nataka kulipa leo usiku ili vifike Ijumaa.

MzeeNdoana
Ziwa gani? Samaki gani? Gatini au kwenye boti? Kina gani? Unaomba dawa hujasema unaumwa wapi.

MtuWaKirumba
Samahani mzee wangu. Niko Brooklyn Park, Minnesota. Nataka krapi na blugili, wale samaki bapa wa maziwa ya huku Marekani, wa kukaanga, basi. Tunavulia gatini.

MzeeNdoana
Na kina?

KijanaWaUvira
Ndugu, nunua ya mpira. Miye niko Des Moines, Iowa, navulia ziwa la Saylorville, na vidagaa nimeviacha kabisa. Chukua ya inchi 2, nyeupe au ile ya kijani-njano, uvike kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi cha aunsi 1/16, juu uweke boya. Kidagaa kimoja ukigongwa mara moja kimeisha, wakati mpira mmoja unatoa samaki wengi mpaka mkia ukatike.
Jambo moja: krapi macho yake yanatazama juu. Chambo kikae juu yake kidogo. Kikipita chini ya tumbo lake hakioni. Na mdomo wake ni laini mno, ukivuta kwa hasira unauchana, unabaki na ndoana tupu.

BintiWaPwani
Hapo kwenye krapi sikupingi. Lakini kaka kataja blugili pia, na kimdomo cha blugili ni kidogo, hiyo inchi 2 ataidonoa mkia tu watoto waanze kulia. Kwa blugili mpe kipande cha nyungunyungu kwenye ndoana ndogo. Hata kidagaa ni kikubwa kwake. Ukishikilia mpira, basi uwe wa inchi 1 na risasi ya 1/64.

KijanaWaUvira
Nyungunyungu ni ya watoto.

BintiWaPwani
Si kasema anawapeleka watoto?

OmenaNaUgali
Wacha niwaambie kilichonipata na hivyo vidagaa, halafu kila mtu achague mwenyewe. Mimi pia niko Minnesota. Mwaka juzi nilinunua dazeni 3, samaki hawakula, jioni nikabaki na zaidi ya nusu. Nikaona ni hasara kuvitupa. Tunapotoka, afisa akanisimamisha akachungulia ndoo. Akanieleza pole pole: hapa hutoki na maji ya ziwa. Unayamwaga nchi kavu, na ukitaka kubaki na chambo unaweka maji ya mfereji au ya chupa. Kuvirudisha ziwani pia hairuhusiwi, kwa sababu ya magonjwa ya samaki na wale kome wenye milia wanaosafiri kwenye maji. Hakunipiga faini. Nikamwaga, nikaweka maji ya kunywa ya watoto, tukaenda.
Nyumbani nikajaza ndoo maji ya bomba, nikaiweka gereji nyuma ya matairi. Klorini sikuifikiria hata. Usiku nikaitwa kazini, nikafanya shifti tatu mfululizo, ndoo nikaisahau.
Sasa wiki hiyo ndiyo mama mkwe alikuwa amefika kutoka Kisumu, na sanduku lake lenye omena mkavu tulikuwa tumeliweka gereji hiyo hiyo. Harufu ilipoingia nyumbani kila mtu akaangalia sanduku. Mama wa watu akaomba msamaha, akafunga omena kwa mifuko minne, akaomba msamaha tena. Mimi siku ya nne ndiyo nikasogeza tairi. Nilizika ile kitu saa tisa usiku na sijamwambia mtu mpaka leo.

BintiWaPwani
Yaani mpaka leo mama anadhani ni omena wake?

OmenaNaUgali
Naomba turudi kwenye chambo.

FundiRisasi
Mpira nao una visa vyake, msimdanganye mwenzetu. Usichanganye aina tofauti kwenye kisanduku kimoja. Mimi niliacha zangu kwenye buti la gari mwezi wa Julai, zikayeyuka zikashikana, nikapata donge moja la rangi ya matope. Zile za chapa ya Gulp zenye majimaji ya harufu, ukiacha kopo wazi zinakauka ngumu kama kijiti. Na maji yakiwa baridi sana, krapi anakuwa mvivu. Hapo kidagaa kinajichezesha chenyewe, ila mpira unategemea kiganja chako. Mimi wakati wa barafu narudi kwa kidagaa bila aibu.

MzeeNdoana
Kule kwetu Ziwa Victoria tunatega sangara kwa furu hai au vikambare. Sijamwona mvuvi anayelisha familia akitega mpira.

MtuWaKirumba
Mzee, watalii pale kisiwa cha Rubondo wanakokota samaki wa bandia nyuma ya boti na sangara wanavuta.

MzeeNdoana
Mtalii akikosa analala hotelini. Mwenye migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoana nyingi, akikosa analala njaa.

KijanaWaUvira
Mimi naona blugili ni sato wa huku. Hata viota ni vile vile, vishimo vya duara mchangani karibu na ufuko.

BintiWaPwani
Vishimo vinafanana, tabia hapana. Sato jike anabeba mayai mdomoni anaondoka nayo. Blugili ni dume anayebaki kulinda kiota, ndiyo maana ukipitisha chochote hapo anakirukia kwa ukali. Hata kipande cha mpira kisicho na umbo.

MtuWaKirumba
Kumbe! Basi labda ndiyo wale niliowaona karibu na gati wiki iliyopita.

FundiRisasi
Chukua wachache tu na uache madume makubwa, viota vikikosa mlinzi mayai yanaliwa. Halafu idadi ya samaki unaoruhusiwa inabadilika kutoka ziwa hadi ziwa, soma kibao cha pale kabla hujajaza ndoo.

MtuWaKirumba
Nimeweka pakiti mbili kwenye kikapu, nyeupe ya inchi 2 na ndogo ya inchi 1. Sijalipa bado. Mke wangu anasema ningeanza na nyungunyungu wa bustanini, ni bure.

BintiWaPwani
Msikilize shemeji.

OmenaNaUgali
Na mkikaanga mnapaka nini? Mimi unga wa mahindi, chumvi na ndimu, ila ngozi inashika kwenye kikaango.

KijanaWaUvira
Mafuta yako hayajapata moto. Na mkaushe samaki kwanza.

MzeeNdoana
Mwanangu Kirumba, boya unalifunga urefu gani kama hujui kina cha pale gatini?

MtuWaKirumba
Mzee, kusema kweli sijawahi kupima.