Eti programu yangu ni embe la njiani!

MwanaWete:
Wallahi leo silali. Jina silitaji, nyote mnamjua: mwenye kiduka cha simu, mdomo mkubwa kuliko kiduka chenyewe.

Kanambia mbele ya watu, barazani, kikombe cha kahawa mkononi: "Hukuandika leseni, yakhe. Kisicho na leseni ni embe la njiani, alieliona kaokota."

EMBE!

Miezi minane nimekesha na programu ile. Wenye mashamba wanaijua: jioni karafuu zikishachambuliwa, unaandika jina la mchumaji, pishi zake na bei ya pishi. Inakata alichokwishakopa, inatoa malipo. Nikaiweka GitHub, ule mtandao wa watunga programu, wenzangu waitazame, wanikosoe. Leseni kweli sikuweka. Kwani nyumba isiyo na kibao mlangoni haina mwenyewe?

Yeye kaichukua, kafuta jina langu, kaandika lake herufi kubwa ungedhani msikiti wa Ijumaa, anaitia kwenye flashi, anauza 15,000. Kamuuzia hata ami yangu! Ami kanipigia: "Mwanangu, njoo nitazamie, inazidisha hesabu." Nafungua, mstari wa kwanza naona: MAMA, PISHI 7. Ule ni mstari wangu wa majaribio! Jina langu kafuta, mama yangu kamwacha mle anachuma karafuu za watu! Na hilo kosa la nusu pishi kuhesabiwa pishi nzima nilishalirekebisha tangu Ramadhani. Anauza nakala kongwe, na watu wanalaani kazi yangu.

Ndio nikamfuata barazani, na jibu nililopewa ni embe. Na ami, alieibiwa 15,000 zake, akacheka!

BintiGando:
Pole kaka. Huyo huyo simu yangu ilikaa kwake siku tatu, ikarudi na kioo cha mtu mwengine. Namuuliza, ananambia "vioo vyote sawa".

Kobe_Mzee:
Miezi minane kuhesabu pishi? Bibi yangu anahesabu kwa kokwa za ukwaju na hajakosa hata siku moja.

MwanaWete:
Mzee, sikuja kushindana na bibi. Nimeitwa muokota maembe mbele ya watu.

Kobe_Mzee:
Wewe ndie embe, muokotaji ni yeye. Soma vizuri uzi wako.

Wakili_wa_Baraza:
Huyo bwana kaigeuza sheria juu chini. Mkataba wa Berne, wa mataifa kulinda haki za watunzi, ni wa 1886, na Tanzania imo tangu 1994: ukishaitunga kazi, haki ni yako, huhitaji kusajili wala kubandika tangazo. Zanzibar tuna na sheria yetu wenyewe ya hakimiliki, ya 2003. Leseni ndiyo inayotoa ruhusa. Haipo leseni, haipo ruhusa. Na hapo GitHub, ukiweka kazi wazi watu wanaweza kuiona na kuchukua nakala humo humo kwenye mtandao wao, basi. Kuitia kwenye flashi na kuiuza hakumo.

FundiWaya:
Kweli tupu. Daniel J. Bernstein, mtunga programu wa Marekani, aliitoa qmail yake, ya kupeleka barua pepe, miaka mingi bila leseni. Ruhusa ya kusambaza iliyobadilishwa hakutoa, watu wakawa wanapeana viraka vya marekebisho pembeni, kila mtu anajishonea kwake. Mpaka 2007 mwenyewe alipoiachia umma. Huko hakuna aliesema embe.

Kobe_Mzee:
Huyo Bernstein ana mikarafuu mingapi?

MwanaWete:
Umesikia Wakili! Nachapisha maneno yako, naenda nayo barazani kesho. Ami awepo. Arudie tena neno embe!

MpigaKidumbak:
Nyinyi mnalilia flashi moja. Sisi nyimbo zetu zinapigwa kila harusi kwenye spika, bwana harusi kamlipa mwenye spika, kamlipa mpaka mwenye viti. Alieimba hata sahani ya pilau haoni.

BintiGando:
Hilo nalo kubwa.

Mchumaji_Konde:
Mimi nina langu. Madhali tunazungumza pishi, kwa nini pishi ya mwenye shamba kila msimu inanenepa? Pishi ni vibaba vinne, tumeikuta hivyo. Sasa anajaza, anashindilia kwa kiganja, anaongeza kichuguu juu mpaka karafuu zinamwagika kwenye mkeka. Na hizo zilizomwagika nazo zake!

BintiGando:
Wallahi kaka umenena! Kwetu anatikisa kwanza.

Kobe_Mzee:
Anaetikisa mara tatu namjua.

MwanaWete:
Jamani, uzi ni wa programu yangu.

Mchumaji_Konde:
Tunajua. Hebu twambie, programu yako inaandika pishi ya kukata au ya kichuguu?

BintiGando:
Ya kichuguu, kwani mwenye shamba si ami yake!

Mchumaji_Konde:
Basi na mimi kesho nakuja barazani. Nakuja na kibaba changu.