Kurasa 318 za shajara ya Babu

Shangazi: Hamjambo nyote. Nimeunganisha picha za shajara ya Babu ziwe PDF moja, imetoka ovyo. Baada ya ukurasa wa 1 unakuja wa 10, halafu wa 100, halafu wa 101. Wa 2 uko mbali huko.

Baba Mdogo: Mbona kwangu kwenye folda zimekaa sawasawa?

Mimi: Shikamooni. Baba Mdogo, folda za Windows huisoma namba kama namba. Programu nyingine hulinganisha majina herufi kwa herufi, kama kamusi inavyopanga maneno. Ndiyo maana 10 inaitangulia 2. Dawa ni kutanguliza sifuri: 001, 002, mpaka 318.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Nilianza hivyo jana usiku, moja moja kwa mkono. Nilipofika arobaini na kitu macho yakagoma.

Mimi: Pole sana Shangazi. Usiendelee, nitumie folda yote. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, itaimaliza kwa mistari michache.

Dada: Hiyo si mpaka uwe umesomea?

Mimi: Hapana Dada. Guido van Rossum alipoitoa mwaka 1991 alitaka lugha inayosomeka kirahisi. Soma mwenyewe:

from pathlib import Path
for faili in Path("nakala").glob("*.jpg"):
    namba = faili.stem.replace("ukurasa", "")
    jipya = "ukurasa" + namba.zfill(3) + ".jpg"
    print(faili.name, jipya)

Mimi: Inapita kila picha, inachomoa namba, zfill(3) inajaza sifuri mpaka tarakimu zitimie tatu.

Dada: Eh, nimeifuata mpaka mwisho!

Baba Mdogo: Lakini sioni inapobadilisha jina.

Mimi: Bado, Baba Mdogo, nimeacha makusudi. Kwanza inaonyesha tu jina la zamani na jipya, tukague. Na nafanyia kwenye nakala. Kwenye Mac na Linux, Python ikilipatia faili jina ambalo lingine linalo tayari, lile lingine linafutika kimyakimya. Windows hugoma. Huu ni mwandiko wa Babu, sibahatishi.

Baba Mdogo: Hapo umefanya vema.

Mimi: Subirini kidogo. Faili mbili zinaelekea jina moja, ukurasa045.jpg. Moja inaitwa ukurasa45, nyingine ukurasa045. Na 46 haipo kabisa.

Shangazi: Uwii! Hiyo yenye sifuri ni yangu ya jana.

Mimi: Nimezifungua zote mbili, ni kurasa tofauti. Shangazi, nadhani uliiruka 45, kisha 46 ukaipa jina la 045. Hakuna kilichopotea.

Shangazi: Alhamdulillahi. Moyo ulishanienda mbio.

Mimi: Nimeirudisha kuwa ukurasa46. Orodha sasa ina majina 318, hakuna linalojirudia. Mwishoni naongeza mstari huu, chini ya print:

    faili.rename(faili.with_name(jipya))

Mimi: Tayari. Haikufika hata sekunde moja. Folda nimeituma, Shangazi unganisha tena.

Baba Mdogo: Shangazi yao, vipi?

Shangazi: Imekaa! 1, 2, 3… Ngoja nifike pale pa 45.

Shangazi: Jamani. Ile habari ya Babu kumsubiri Bibi kituoni, tuliyodhani aliikatisha njiani, sentensi inaanzia chini ya 45 na kumalizikia juu ya 46. Kumbe Bibi alifika. Nawasomea sasa hivi kwa sauti, ngojeni.