Riwaya ya washiriki wa shindano la runinga: nani asimulie penzi la kiki?

Mbuyu_wa_Mvumi
Wakuu, habari za humu. Nina mswada wa riwaya umenikwama mahali pamoja, naomba maoni ya wasomaji.

Kisa chenyewe: binti wa Mvumi, aliyekulia kwenye ngoma za muheme, anachaguliwa kuingia nyumba ya mashindano ya runinga huko Dar. Humo anakutana na kijana wa Singida. Mtayarishaji anamnong'oneza kila mmoja kwa wakati wake kwamba wakionekana pamoja kura zitapanda. Wanakubaliana kupiga kiki, yaani waigize mapenzi ili wavume. Wiki ya nne mmoja wao anakuwa haigizi tena, na mwenzake hajui.

Wasimulizi niliowafikiria ni watatu. Binti mwenyewe, kwa "mimi". Mdogo wake aliyebaki kijijini, anayefuatilia kwenye kibanda umiza. Au kijana anayehariri picha usiku, ambaye hajawahi kuongea nao hata mara moja lakini anawajua kuliko wanavyojuana wenyewe. Wote watatu nimewajaribu na wote wananivutia, ndiyo shida. Nyie mngesoma ipi?

DadaKisasa
Binti. Riwaya ya mapenzi nataka kuwa ndani ya moyo wa mtu, sitaki kuletewa habari na jirani.

Zabibu_Chungu
Dada yangu, hapo ndipo penye mtego. Kitabu kizima kinabebwa na swali moja: nani kaacha kuigiza? Binti akisema "mimi", mapema tu tutajua kama ni yeye. Asiposema, anatuficha makusudi, na hakuna kinachoudhi kama msimulizi anayejifanya muwazi huku kashika kitu mgongoni. Mimi nakitupa.

DadaKisasa
Unakitupa vipi? The Hunger Games, ile riwaya ya 2008 ya vijana wanaoshindanishwa kuuana kwenye runinga, imefanya hivyohivyo. Katniss anasimulia kwa "mimi", anaigiza penzi na Peeta, mshindani mwenzake, mbele ya kamera ili wafadhili wawatumie msaada, na mpaka kitabu kinaisha hana hakika na moyo wake. Yeye hatufichi kitu, hajui tu. Na kwamba Peeta alikuwa anapenda kweli, tunachelewa kuamini kwa sababu yeye mwenyewe anachelewa.

Zabibu_Chungu
Sawa, umenibana. Ila Katniss wanataka kumuua. Huyu wa Mvumi amekaa kwenye sofa. Sura nzima ya mtu aliyekaa kwenye sofa akijiuliza kama anapenda au hapendi, nitasinzia.

Mkata_Picha
Naomba niingie, maana kazi ya kuhariri naifanya. Siku hizi zaidi ni harusi za hapa mjini, lakini vipindi navyo nimepitia.

Nyumba ina kamera kila kona, ila kinachokwenda hewani jioni ni dakika chache sana za siku nzima. Bosi anataka mapenzi. Unamchukua binti anayecheka Jumanne, alikuwa anamcheka paka, unampachika mbele ya kijana anayeingia sebuleni Alhamisi. Wameshapendana hao. Mtazamaji akitaka kujua amechezewa aangalie vitu vidogo: kikombe cha chai kimejaa, mara kiko nusu, mara kimejaa tena. Hereni ipo, haipo. Na ukisikia mshiriki anatoa neno zito huku unaonyeshwa kisogo chake au taa ya darini, huenda neno hilo limeungwa kutoka sentensi mbili za siku mbili. Kuna vipindi wanawaambia washiriki wavae nguo ileile kila wanapohojiwa peke yao, ili maneno ya siku yoyote yapachikwe popote.

Kwa hiyo mimi nachagua mhariri asimulie, tena bila kusita. Yeye ana picha ambazo hazikwenda hewani, basi ndiye anayejua nani kaacha kuigiza. Halafu hana mikono misafi. Penzi lile alilikata na kulishona yeye kabla wenyewe hawajalianza.

Mwalimu_Kongwa
Mleta mada, msimulizi ni swali la pili. Kwanza sema ni shindano la namna gani, maana hapo ndipo uhusiano wao unapopata uzito.

Likiwa la kuimba, wanaokata ni majaji na watazamaji. Wapenzi wawili wanaweza kushikana mikono mpaka fainali bila kuumizana. Chukua utaratibu wa Big Brother: washiriki wenyewe wanaingia chumbani mmoja mmoja kutaja wenzao wanaotaka wawekwe kwenye hatari ya kutoka, kisha watazamaji wanapiga kura. Mwanzo binti anataja watu asiowajali. Nyumba inapungua. Anabaki na rafiki yake, yule mama mtu mzima aliyemuuguza, na kijana wa Singida. Majina yanatakiwa mawili. Mwandikie ukurasa huo hata kama hutaandika mwingine.

Watanzania hili tunalijua. Mwisho Mwampamba aliingia Big Brother Africa ya kwanza 2003, Richard Bezuidenhout akashinda ya pili 2007 na kuondoka na dola 100,000, Idris Sultan akashinda ya 2014, dola 300,000. Mwaka ule wa 2007 Richard alikuwa na mke nje ya nyumba, na ukaribu wake na Tatiana wa Angola ukawa gumzo la bara zima. Mke naye ana runinga, jamani! Mimi huyo ndiye msimulizi ambaye ningempa kalamu, lakini kwenye orodha yako hayupo. Wa karibu naye ni yule mdogo mtu.

Na msiseme kila penzi la mle ni kiki. Pokello wa Zimbabwe na Elikem wa Ghana walikutana mle 2013, wakaoana 2015.

Zabibu_Chungu
Wakaja kuachana, mwalimu.

Mwalimu_Kongwa
Hata waliokutana kanisani huachana, mdogo wangu.

Kijiwe_Chamwino
Mimi ni wa mdogo mtu, lakini hapo kwenye kibanda umiza mkuu umeteleza. Mwenye kibanda anaishi kwa mpira. Jioni ya mechi ya Yanga nani atamwelewa binti akisema "wekeni nyumba ya dada yangu"? Watamtoa nje na hela yake asirudishiwe. Mpeleke kwa jirani mwenye king'amuzi, tena jirani asiyeelewana na mama yao, awe anaingia na shikamoo ya uongo kila jioni. Halafu usiku wa mchujo, mtangazaji ameshika bahasha, kifurushi kinakata. Hapo nitakusoma mpaka asubuhi.

DadaKisasa
Hahaha, hicho kifurushi kiingie hata msimulizi akiwa mbuzi.

Ila kuhusu mhariri nina neno. Mwanamume amejifungia usiku anamtazama binti asiyejua anatazamwa, anarudisha nyuma, anamtazama tena. Mnaona ni msimulizi mzuri, mimi mwili unanisisimka vibaya.

Mkata_Picha
Dada upo sahihi, na kazi ndivyo ilivyo. Ukishamkata mtu miezi miwili unajua anavyopumua kabla ya kusema uongo. Akikutana nawe sokoni Majengo anakupita kama nguzo ya umeme. Mwandishi asiipake sukari hiyo.

Mbuyu_wa_Mvumi
Shikamoo mwalimu. Utaratibu wa kutajana nimeuchukua, na yule mama mtu mzima nimeshaanza kumwona. Kibanda umiza nakifuta. Naelekea kwa mhariri, na mdogo mtu nimpe sura fupifupi katikati, maana yeye anaona kile tu mhariri alichomruhusu aone.

Mkata_Picha, swali la kazi. Mhariri akikuta kipande kinachoonyesha nani anapenda kweli, na hataki bosi akione, anaweza kukifuta?

Mkata_Picha
Kufuta ni kujitafutia kesi, picha zote zinahifadhiwa. Ila vipande vinaandikwa maelezo ili vitafutike, na anayeandika mara nyingi ni kijana wa usiku. Akiandika "jikoni, anaosha vyombo", nani atakifungua?

DadaKisasa
Haya, hiyo nasoma. Mwili usisimke tu.

Kijiwe_Chamwino
Na kifurushi?

Mbuyu_wa_Mvumi
Kinakata, mkuu. Hiyo haina mjadala.