Tanzia ya Mkwawa ifungwe wapi: Mlambalasi au Kalenga?

MLETA MADA, Iringa mjini

Kamwene wanyalukolo, na wengine wote habari zenu. Nina ubishi na kamati ya wazazi, nataka mniamulie.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wametunga tanzia, yaani igizo la mwisho wa majonzi, la Mkwawa, Mtwa (mtawala) wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Sehemu kubwa imekaa vizuri: ushindi wake wa Lugalo 1891, ngome yake ya Kalenga kuanguka Oktoba 1894, halafu ile miaka ya kuwindwa porini huku kichwa chake kimetangaziwa rupia 5,000. Tunagombania onyesho la mwisho tu. Mimi nataka tufunge Mlambalasi, alipojipiga risasi Julai 1898. Bunduki inalia, taa zinazimwa, basi. Wao wanataka twende mpaka 1954: Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, anakabidhi pale Kalenga fuvu la Mkwawa lililochukuliwa na Wajerumani, mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi, analipokea, ngoma, vigelegele, watu warudi makwao wametulia.

Mzee mmoja wa kamati, msomaji mzuri wa Shakespeare, kaniambia tanzia yoyote ya maana lazima mwishoni irudishe mambo mahali pake. Sikatai kwamba Shakespeare hufunga hivyo. Ila mtazameni anayeletwa kufunga. Katika Hamlet, ukoo mzima wa mfalme umelala sakafuni, anaingia Fortinbras wa Norway, mtu wa nje aliyekuwa anapita na jeshi lake, anakumbusha kwamba ana haki ya zamani katika ufalme huo, kisha anaamuru bunduki zipigwe kumuenzi marehemu. Katika Macbeth, Malcolm, mwana wa mfalme aliyeuawa, anarudi na askari 10,000 wa Kiingereza, na karibu jambo la kwanza analotangaza ni kuwapa machifu wake cheo cha Kiingereza ambacho Uskoti haikuwahi kukitumia. Utulivu umerudi, ndiyo. Umerudi na mwenye nyumba mwingine.

Na mimi niwafundishe watoto wa Iringa kumpigia vigelegele gavana? Semeni.

Mchangiaji, Tukuyu

Shikamoo mwalimu. Nakupinga.

Umewaweka watu saa mbili msibani, kisha unawazimia taa waende zao? Wenye macho mekundu hivyo hivyo? Kwetu Rungwe, zamani mazishi yalichezewa ngoma, vijana na mikuki yao, vumbi juu, na marehemu ndiyo kwanza kafukiwa. Wageni walishangaa. Haikuwa kukosa adabu. Walio hai walikuwa wanarudishwa upande wao. Hata matanga yana siku ya kuanuliwa, mwalimu, na wewe unataka kuondoka na tanga likiwa bado limetandikwa. Hiyo si ujasiri wa sanaa, ni kuwatelekeza wafiwa.

Mchangiaji, Mafinga

Mkiwaendekeza wazazi mtafika alikofika Nahum Tate. Huyo mwandishi mwaka 1681 aliichukua King Lear, tanzia ya Shakespeare, akaigeuza: mfalme mzee anarudishiwa kiti chake, binti yake Cordelia hafi, anaozwa kwa Edgar. Waingereza wakaishi na kitu hicho jukwaani zaidi ya karne nzima. Kesho mtaambiwa Mkwawa asijipige risasi.

Halafu mleta mada, mbona umemsahau Mpangile? Mwishoni mwa 1896, Mkwawa akiwa bado hai msituni, Wajerumani walimtawaza mdogo wake Mpangile awe Mtwa. Shangwe, nchi imetulia. Februari 1897 wakamuua wao wenyewe, wakimshuku kwamba anawasiliana na kaka yake. Yaani huo mwisho mtulivu mnaoubishania ulishaigizwa hapahapa, na haukufika hata miezi mitatu.

Mchangiaji, Mbeya, Mwanjelwa

Mwalimu unamwangalia gavana mno mpaka humwoni Adam Sapi. Yule si kikaragosi. Ni mjukuu anapokea kichwa cha babu yake! Kipengele cha 246 cha Mkataba wa Versailles, 1919, kiliagiza fuvu lirudi ndani ya miezi sita. Watu wamekaa miaka 35. Unataka siku ya kulipokea waikunjie uso kwa sababu aliyelibeba ni Mwingereza? Na huyo mjukuu miaka minane baadaye ndiye Spika wa Bunge la Tanganyika. Mkate hadithi 1898, mnawaachia Wajerumani ndio waseme neno la mwisho.

MLETA MADA

Hilo la neno la mwisho limenikaa kooni tangu jana. Na dada wa Tukuyu kanishika pabaya, maana mama yangu mzazi baada ya mazoezi aliniuliza, "Sasa ndiyo mmetuacha hivyo?"

Lakini dada, tanga huanuliwa na wafiwa. Haanui aliyekaa kwenye kiti cha waliofisha. Twining alikwenda Bremen, akalichagua fuvu katika rundo la mafuvu ya makumbusho kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Kulileta Kalenga 1954, Kenya jirani iko katika hali ya hatari ya Mau Mau tangu 1952, hakukuwa huruma tupu. Na baada ya sherehe yote hiyo, fuvu liko Kalenga ndani ya kioo, kiwiliwili kiko Mlambalasi. Twendeni tukaone wenyewe, ni safari ya siku moja. Sasa mambo yamerudi mahali pake gani?

Nimebadili, ila si kwa kamati. Kutawazwa kwa Mpangile tunakuweka katikati, kwa ngoma ileile wanayoitaka wazazi, wapige vigelegele hapo wakitaka. Mwisho tunakwenda Kalenga. Sanduku linaletwa, gavana analiweka chini, anatoka bila kusema neno. Wanabaki Adam Sapi na wanawake wa ukoo, na ngoma ianze kwao, ikianza. Kuna binti mmoja kwenye kundi anadai wanawake wakae kimya muda mrefu kwanza, mpaka watazamaji waanze kujigeuza kwenye viti. Sijui wazazi watavumilia, tutajaribu Jumamosi.

Aliyenuna ni kijana wa gavana. Alikuwa ameikariri hotuba yote, na kofia yenye manyoya ameshatengeneza.