“How long are you here for?” na “How long have you been here?”: ni swali moja au mawili?

DerevaWaShamba:
Asalaam aleikum wana jukwaa. Naendesha teksi Unguja, nachukua wageni uwanja wa ndege nawapeleka Nungwi na Kendwa. Ile njia ni saa nzima na ushee, lazima mtu umsemeshe. Sasa kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mwenzangu anashikilia kwamba “How long are you here for?” na “How long have you been here?” ni kitu kimoja, eti la pili ni la wasomi. Mimi nasema hapana, maana la kwanza wageni hunijibu “till Sunday”, la pili hunijibu “three days”. Ila nikiambiwa nieleze sababu, sina. Hiyo “are” si ya sasa? Mbona jibu linakwenda mbele? Anayejua anifahamishe kwa Kiswahili chepesi, si kwa majina ya vitabuni.

KijanaWaTemeke:
Zote ni “uko hapa muda gani”. Usijichoshe kaka, mzungu ataelewa tu.

BiMapokezi:
Temeke, usimpoteze mwenzio. Nimefanya kazi mapokezi, hoteli moja ya Kiwengwa, miaka mingi kabla sijahamia Dar. Pale kaunta, “I'm here for a week” ni mtu unayemtafutia chumba cha wiki nzima. “I've been here for a week” ni mtu ambaye kesho huenda anadaiwa chumba. Ukizichanganya, meneja anakuita ofisini.

Tuchukue mgeni aliyetua Jumatatu, anaondoka Jumapili, na leo ni Alhamisi. Ukisema “How long have you been here?” unauliza siku alizokwisha kukaa, Jumatatu mpaka leo basi. Atajibu “three days” au “since Monday”. Ukisema “How long are you here for?” unauliza ziara yote alivyoipanga, ndiyo maana anakutajia siku ya kuondoka. Hiyo “for” ya mwisho ndiyo iliyobeba mpango. “Are” ni ya sasa, sawa, lakini mpango alio nao sasa mwisho wake uko mbele.

Kinachotutatiza sisi ni Kiswahili chetu. Tunasema “niko hapa tangu Jumatatu” na hakuna anayeshtuka. Ukiipeleka ilivyo unapata “I am here since Monday”. Ataelewa, Temeke hapo umesema kweli, lakini wenyewe hawasemi hivyo. Jambo lililoanza nyuma na bado linaendelea, Kiingereza kinalitakia “have been”.

Na kuna hili ambalo dereva utalihitaji zaidi. Wageni wako wengi si Waingereza. Mwitaliano, Mjerumani, Mfaransa, wote hao kwao husema kama sisi, “niko hapa tangu Jumatatu”. Kwa hiyo Mwitaliano akikuuliza “How long are you here?” huku anaangalia kijiwe chenu, huenda anataka kujua umeanza kazi hapo lini. Ukimjibu “till evening” mtatazamana. Mimi nilikuwa namrudishia swali: “You mean, since when?” Anacheka, tunaendelea.

DerevaWaShamba:
Ahsante sana bi, hapo kwa Waitaliano umenipa dawa. Sasa mtu ndiyo kwanza ametoka na begi lake uwanja wa ndege, nimuulize lipi?

BiMapokezi:
“How long are you staying?” Hilo halina utata kwa taifa lolote. “Have been” hapo halifai, mtu hata jasho la Unguja hajalipata! Na siku unamrudisha uwanjani, ziara imekwisha: “How long were you here for?”

KijanaWaTemeke:
Bi, kumbe “for” ikiondoka maana inageuka?

BiMapokezi:
Kwa Mwingereza haigeuki sana, “How long are you here?” bado ataielewa kuwa ni mpango wako. Ila “for” inaziba mwanya. Wewe itie tu.

MpembaUghaibuni:
Niko Uingereza, naongeza moja tu kwa dereva. Mgeni akikupigia simu, “How long will you be?”, hakuulizi habari za kuishi Zanzibar wala umri wako. Anauliza utafika baada ya muda gani. Jibu linalotakiwa ni dakika: “Ten minutes.” Tena, kama sauti imekaza, ujue ameshasimama nje na mabegi. Hapo hotelini kwake mtume mlinzi amwambie umeshakata kona ya mwisho, kama kweli umekata.

DerevaWaShamba:
Hahaha, hiyo ya mlinzi naijua. Na “How long does it take?” ndiyo ile ya mwendo wa safari, au?

MpembaUghaibuni:
Ndiyo. Hiyo ni ya barabara, ile nyingine ni yako wewe.