Tupeane uzoefu: jina lako limeharibiwa na nani zaidi, ulimi au kalamu?

Thuwaiba_Kikwajuni

Assalaam alaykum jamaa. Leo nna hasira, nisaidieni kuzishusha.

Mie naitwa Thuwaiba. Ndilo jina la bibi aliyemnyonyesha Mtume (S.A.W.) kabla hajachukuliwa na Bibi Halima, na alonichagulia ni bibi yangu mzaa baba, kwa hivyo nalipenda. Nimezaliwa Kikwajuni, nimesoma hapa hapa, na mpaka namaliza skuli sikujua kama jina langu gumu. Nikavuka kwenda chuo Dar es Salaam. Kuanzia getini nikawa Suwaiba. Baadae Swaiba. Mhadhiri mmoja akaniita Tuwa mpaka nahitimu, na nadhani kwake yeye yalikuwa mapenzi.

Ulimi nausamehe. Mtu hakulelewa na th, utamwambia nini? Kinachoniudhi ni kalamu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Thuwaiba, cha kidato cha nne Thuweiba, na mkataba wa kazi nilioletewa juzi unasema Suwaiba. Ofisa kitambulisho kiko mkononi mwake, herufi zote anaziona, bado anaandika anavyosikia yeye. Nkamwambia, "Samahani kaka, ni th." Akanijibu, "Ni kitu kimoja, dada." Kitu kimoja! Basi na mshahara wangu ampe mwengine, kitu kimoja.

Haya, na nyie semeni. Lenu limeharibiwa wapi, na mlifanya nini?

Muuza_Dagaa

Pole dada. Mie Khamis, nikivuka tu maji nishakuwa Hamisi. Hilo halinisumbui hata chembe, maana Tabora na Kigoma wako kina Hamisi waliopewa jina hilo na baba zao, na lao sahihi kama langu. Salim na Salum, Othman na Athumani, Suleiman na Selemani, kila watu na ulimi wao.

Tabu yangu pesa. Kwenye kitambulisho kimoja nimeandikwa Hamisi, na laini zilipokuja kusajiliwa upya kwa alama za vidole, mwisho Januari 2020, jina likavutwa na kosa lake. Sasa mteja mpya wa dagaa akibonyeza kutuma, simu inamtolea Hamisi. Ananipigia: "Wewe si Khamis? Huyu Hamisi nani?" Ukimwambia ndo mimi, ndo kwanza anaogopa, maana matapeli nao ndivyo wanavyosema. Siku moja dagaa wametandazwa juani Mkokotoni, gari imeshakuja kuchukua, wingu jeusi linatoka upande wa Tumbatu, na mie nimesimama namtajia mtu herufi za jina langu kwenye simu. Nkaishia kumtumia picha nimeshika kitambulisho kifuani kama mfungwa.

Pandu_Makunduchi

Nyie mna bahati, majina yenu yapo kwenye Kiarabu. Mie nilifanya kazi Muscat, na Kiarabu hakina p. Kadi ya ukaazi ikatoka na herufi za aina mbili: upande wa Kizungu Pandu, upande wa Kiarabu Bandu. Mwenzangu Machano akawa Mashano, maana ch nayo hamna. Vuai tukamkuta keshakuwa Fuwai. Wazee wetu walipokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walijiongezea nukta wakapata p yao, lakini hayo utamweleza nani pale dirishani, na nyuma yako watu wamejaa?

Ila kulikuwa na wazee wa Kiomani waliozaliwa Unguja, Kiswahili chao kinanishinda mie. Hao wakisikia Pandu hawaulizi tahajia. Wanauliza, "Pandu wa wapi, Makunduchi au Kizimkazi?" Wallahi nilikuwa nakwenda dukani kwao kununua hata nisichokihitaji.

Haji_Kiwengwa

Waitaliano h hawana habari nayo. Mie Aji, mwaka wa ngapi huu, na kibandiko cha kifuani kazini kimeandikwa hivyo hivyo, bosi anasema kinawarahisishia wageni. Mapapasi wa ufukweni, wale vijana wanaowafuata watalii, wamenizidi akili: wao wanajibatiza wenyewe majina ya wacheza mpira kabla mgeni hajafungua mdomo.

Mwanakhamis_Jangombe

Tazameni jina langu la hapo juu. Hata mtaa ninaokaa umenyang'anywa alama yake, Jang'ombe imekuwa Jangombe, kwa sababu mfumo haukubali hicho kidoti cha juu. Nimeshazoea.

Kisa changu ni vile visanduku vya fomu. Mie Mwanakhamis, neno moja, kama Mwanaidi au Mwanajuma. Siku ya kujaza maombi ya safari kijana aliyekuwa kwenye kompyuta akaligawa: Mwana, nafasi, Khamis. Jina la kwanza Mwana. La kati Khamis. La mwisho likaingia la baba. La babu likakosa pa kukaa, likaachwa nje. Nkamwambia mwanangu, hilo limekatika. Akanambia bi mkubwa usijali, yote yamo. Kweli yamo, ila babu yangu hayumo, na huyo babangu amekuwa babu. Tena Khamis huyo wa katikati nani? Ukoo wetu mzima hana mtu wa jina hilo. Anayesoma karatasi ile anaelewa mie ni binti wa mwanamme ambaye hajapata kuwepo.

Safari yenyewe ilikuwa ya matibabu, India. Kila asubuhi nesi anaita "Mwana! Mwana!" na mie nimekaa namtafuta mwana wa nani.

Mama_Salma_Fuoni

Bi Mwanakhamis umenivunja mbavu, samahani.

Mie niongeze la uwanja wa ndege, kwa faida ya kina mama. Sie hatuna jina la ukoo. Jina lako, la baba, la babu, basi. Tuseme mume ni Ali Juma Khamis, mtoto anakuwa Salma Ali Juma, na mie nabaki na baba yangu na babu yangu, sijabadilisha kwa kuolewa. Kwa hivyo kwenye pasipoti tatu za nyumba moja jina la mwisho ni tofauti zote. Hapa nani atashangaa? Lakini Ulaya ofisa alitutazama mie na mwanangu kwa zamu, akaniuliza mtoto huyu wa nani. Salma alikuwa mdogo, amenilalia begani, na mtu ananiuliza wa nani! Akanipeleka pembeni. Kilichotuokoa ni cheti cha kuzaliwa nilichokitia mkobani dakika ya mwisho, na tafsiri yake iliyogongwa muhuri. Ukisafiri na mtoto bila babake, hicho kisikuondoke. Mwenzangu mmoja hubeba na barua ya idhini ya baba, na mie siku hizi nafanya hivyo.

Halafu ukishafika huko, wewe si wewe. Mume wangu alisoma Ujerumani, darasani walimwita Herr Khamis. Anasema wiki za mwanzo alikuwa akiitikia kwa niaba ya babu yake, mzee aliyekuwa hajapanda hata meli ya Pemba.

Mtoto_wa_Wete

Nyote mnazungumza ya walio hai. Subirini mfe.

Babu yetu aliacha shamba la mikarafuu upande wa Kojani kunako, na karatasi ya kununulia ya zamani, imekunjwa mpaka imekatika kwenye mikunjo, ikahifadhiwa ndani ya sanduku la bibi pamoja na udi. Wino umekuwa rangi ya chai. Ndani imeandikwa Hamad Kombo, basi, hakuna jina la tatu. Cheti cha kifo kimeandikwa Hamadi Kombo Faki, na i juu yake. Sasa nendeni mkagawe mirathi.

Kwa kadhi ikawa hivi: Hamad Kombo Pemba ni wangapi? Shehia yetu peke yake walikuwepo wawili kwa zama moja, na wajukuu wa yule mwengine nao waliposikia kuna karatasi wakajitokeza, sikatai, na mie ningejitokeza. Barua ya sheha ikaletwa, haikutosha. Hati ya kiapo ikaletwa, upande wa pili nao wakaleta yao. Mwisho akatafutwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya uchumaji na wote wawili. Hakujua la kuandika wala majina matatu ya mtu. Akasema, "Aliyenunua pale ni Hamad Mrefu. Hamad Mfupi alikuwa wa bahari, karafuu hazijui." Tena akaeleza mpaka ulipo, mti upi na upi, na kuna mfenesi ulianguka, kisiki chake bado kipo. Watu wakenda kutazama, kisiki kipo.

Kwa hivyo majina yote ya serikali yalishindwa na lakabu. Na hiyo Mrefu, ami yangu anasema, alipewa kwa utani, mzee hakuwa mrefu kitu.

Mwalimu_Mgeni

Naomba nafasi kidogo, na msinikasirikie. Mimi ni Mhaya wa Kagera, nafundisha Unguja, nimeoa hapa. Jina langu Rweyemamu. Nimeitwa Remamu, Yemamu, Maalim Rwe, na nyumbani kwa wakwe zangu, ambao nawapenda sana, naitwa Remi. Mkwe wangu huyo huyo akisikia mtu wa Bara anasema "Hadija" anageuza uso kabisa. Kh mnailinda. Rwe nani ailinde?

Dada Thuwaiba, uliposema ulimi unausamehe nimefurahi. Nauliza tu kama na sisi tunasamehewa, au tunachekwa.

Thuwaiba_Kikwajuni

Maalim, la haki ni la haki. Kwetu tulikuwa na daktari wa Bara mtaa mzima unamwita Dokta Mwaka kwa sababu jina lake linaanzia Mwaka-, huko mbele hakuna aliyethubutu kwenda.

Lakini nitashikilia langu. Mkweo anakuita Remi na chakula anakupakulia. Cheti chako cha ndoa kaandika nani, na kimeandikwaje?

Mwalimu_Mgeni

Kimeandikwa Rwemamu. Nimekaa kimya kwa kuogopa kuoa upya.

Maalim_Mstaafu

Hahaha! Kaoe, mahari unaijua.

Nichokoze kidogo la herufi, maana nimesomesha Kiswahili maisha yangu yote. Kamati ya lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili ilikitumia Kiunguja kuwa msingi, lakini kwenye maandishi kh ikaachwa njiani. Sie tukasema khabari, vitabu vikaandika habari. Dh, th na gh zikabaki. Kwa hivyo mtoto wa Bara skuli anafundishwa kuandika dhahabu na thamani sawasawa, kisha Thuwaiba anamwandika na s. Hilo silitii kwenye mambo ya ulimi. Hilo ni uvivu.

Karani_Chake

Nimesoma yote nikicheka, maana nimekaa upande wa pili wa dirisha miaka mingi. Niwatetee makarani kidogo, halafu niwape la kuwafaa.

Zamani mtoto akizaliwa nyumbani khabari ilikuwa inapita midomo mingi. Bibi anamwambia sheha, sheha anaandika kikaratasi, kikaratasi kinaletwa na kijana wa baskeli, karani anasoma mwandiko wa sheha. Mpaka linafika daftarini jina limeshaguswa na kila mtu ila babake. Tena mtoto akiuguaugua wanambadilisha jina, daftarini hawarudi kusema. Nimewahi kuletewa mtu mzima anayetaka cheti, daftari zima hayumo, mwisho tunamkuta kwa jina ambalo yeye mwenyewe hajapata kulisikia.

Sasa mambo ni mepesi zaidi. Tangu sheria ya 2018, vizazi, vifo, ndoa, talaka na vitambulisho vya Zanzibar viko chini ya Wakala mmoja. Ninachowaomba: anzieni kwenye cheti cha kuzaliwa. Watu wanakimbilia kurekebisha kitambulisho kwa sababu ndicho kilichowakwamisha leo, na cheti wanakiacha na kosa, mwakani wanarudi. Kama ni herufi tu imepotea, aghlabu kiapo na ushahidi wa karatasi nyengine vinakufaa. Kama unataka jina jengine kabisa, hiyo ni hati ya kubadilisha jina, na usiifanye kwa ajili ya i moja, utajitia gharama na maelezo ya maisha.

Na ukifika dirishani usitamke. Andika kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, mpe, na kabla hajachapisha mwambie akugeuzie kioo usome mwenyewe. Wengi wetu hatukatai, ni watu wenyewe hawaombi.

Salum_au_Salim

Karani, mie cheti cha kuzaliwa kimechanika kwenye jina pale pale, nusu ya herufi haipo, huwezi kujua ni u au i. Vitambulisho vyangu viwili kimoja kina Salum chengine Salim. Mama anasema Salim, baba anasema Salum, na wote wako hai. Nianzie wapi?

Karani_Chake

Kuna nakala daftarini, ile haikuchanika. Njoo Jumatatu asubuhi na hicho kipande chako na vitambulisho vyote viwili. Wazee waache nyumbani kwanza.